Hita ya gesi ikikataa kuwaka: sikiliza kabla ya kujaribu tena

Miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, maji ya tangini mjini Kitale huwa hayaogeki asubuhi na mapema. Familia zilizochoka kubeba sufuria ya maji moto kutoka jikoni hadi bafuni zimekuwa zikinunua hita ndogo za gesi, zile za ukutani zinazopasha maji papo hapo yanapopita. Nyumba za wageni zinazopokea watalii wa Mlima Elgon na Hifadhi ya Saiwa nazo huzipenda, kwa sababu hazitegemei stima. Betri mbili na mtungi mmoja wa gesi vinatosha, hata umeme ukipotea usiku kucha. Hita hizohizo zinauzwa Webuye, Kimilili na Bungoma mjini.

Kisha hufika asubuhi ambapo mfereji unafunguliwa, maji yanakuja, lakini moto hauwaki. Hapo wengi hufungua na kufunga mfereji mara kumi, mara kumi na tano, wakitumaini hita itashika. Ikishindikana, mtu analeta kibiriti. Kule kufungua na kufunga kunaweza kurundika gesi ambayo haikuungua, na kibiriti huiwasha yote kwa mpigo mmoja. Uso na mikono ndivyo huungua kwanza, kwa sababu aliyekishika huwa amesimama mbele ya hita akichungulia.

Hita ambayo haiwaki mara nyingi haijaharibika. Imeundwa ikatae kuwaka inapokosa kitu fulani, na kwa kawaida inaonyesha ni kitu gani imekosa. Mtu akijua namna ya kusikiliza, anaweza kumaliza tatizo bila fundi, au angalau akajua kwamba hilo ni la fundi na asiliguse.

Hita inavyojiwasha

Mfereji wa maji moto ukifunguliwa, maji yanayopita ndani ya hita husukuma kiwambo cha mpira au kuzungusha gurudumu dogo, na swichi inaamka. Swichi hiyo huamsha kisanduku kinachotumia betri, nacho huanza kupiga cheche: ta-ta-ta-ta. Wakati huohuo vali inaachilia gesi iingie kwenye kichomeo. Gesi ikishika moto, kijiti chembamba cha chuma kilicho kati ya miali kinauhisi na vali inabaki wazi. Kijiti kisipohisi moto ndani ya sekunde chache, vali hujifunga yenyewe.

Kwa hiyo mpangilio ni maji kwanza, halafu cheche, halafu gesi, na mwisho ithibati kwamba moto upo. Mashine kubwa za gesi zinazopasha mabwawa ya kuogelea ya hoteli hufuata utaratibu huohuo, ila maji yake husukumwa na pampu. Chujio la bwawa likijaa uchafu, maji hupungua kasi na hita haiwaki, kwa sababu ileile inayoikwamisha hita ya bafuni ambayo tangi lake limewekwa chini mno.

Anayetaka kujua tatizo liko wapi afungue mfereji hadi mwisho, atulie, na asikilize. Kuna hali tatu tu: kimya kabisa, cheche bila moto, au moto unaowaka kisha kuzima.

Kimya kabisa

Ikiwa hakuna hata sauti ya cheche, gesi bado haijafikiwa na mtungi hauna kosa. Tazama maji na betri.

Hita nyingi za nyumbani zinahitaji maji yasiyopungua lita mbili na nusu hivi kwa dakika ndipo swichi iamke. Kupima hakuhitaji kifaa: weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa na utazame saa. Ndoo ikichukua zaidi ya dakika nne kujaa, maji ni machache. Sababu ya kawaida katika mitaa yetu ni tangi lililowekwa juu ya kibanda kifupi, karibu sawa na urefu wa shawa. Maji hupata nguvu kutokana na urefu wa tangi, na kila mita moja huongeza takriban sehemu moja ya kumi ya bar. Bamba dogo lililobandikwa ubavuni mwa hita huonyesha shinikizo la chini linalokubalika, na kwa hita nyingi hilo ni kama tangi lililo mita mbili au zaidi juu ya shawa. Hapo dawa ni kuinua tangi au kuweka pampu ndogo. Kubadilisha hita hakutasaidia.

Kama zamani ilikuwa ikiwaka na tangi halijahamishwa, uchafu ndio wa kushukiwa. Mahali maji baridi yanapoingilia kwenye hita kuna chujio dogo la wavu. Mvua kubwa zikinyesha, maji ya mto na ya visima huja na matope laini, na chujio hilo huziba polepole bila mtu kutambua. Funga maji, fungua nati, toa chujio, lisuguliwe kwa mswaki wa zamani na kurudishwa. Vitundu vya shawa vilivyoziba hupunguza maji vilevile. Jaribu kuondoa kichwa cha shawa na uone kama hita itaamka.

Betri ni kubwa mbili, za aina iliyotumika kwenye tochi na redio za zamani. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, kwani moja mpya na moja kuukuu hudanganya. Mvuke wa bafuni huotesha kutu ya kijani kwenye vyuma vinavyoshika betri. Kuukwangua kidogo kwa kipande cha msasa mara nyingi humaliza maneno.

Cheche zipo, moto haupo

Hapa maji na betri ni salama. Kilichokosekana ni gesi, au gesi inafika kwa namna isiyofaa. Ni hapa pia ambapo hatari huanza, kwa hiyo kanuni iwe moja: jaribu mara tatu, si zaidi. Ikikataa mara ya tatu, funga mtungi, fungua dirisha na mlango, na usubiri dakika tano au zaidi kabla ya kugusa chochote.

Sababu ya kusubiri ni kwamba gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Propeni, mojawapo ya gesi mbili zinazochanganywa humo, ina uzito wa takriban mara moja na nusu ya hewa, na buteni, ile nyingine, karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini ikatoka, bali hushuka na kutambaa sakafuni, ikajificha chini ya sinki, ndani ya mtaro wa maji machafu, au kwenye chumba kilicho chini kidogo ya vingine. Hewa ikichanganyika na gesi kwa kiasi kidogo cha asilimia mbili hivi, cheche yoyote inatosha. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali ya kitu kilichooza huongezwa makusudi ili pua iwe mlinzi, na mlinzi huyo asipuuzwe. Ukisikia harufu, usiwashe taa wala kuzima iliyokwisha kuwashwa, usipige simu ukiwa ndani, toa watu nje, na kama mtungi unafikika kwa usalama, ufunge.

Harufu isipokuwepo na dakika zikiwa zimepita, anza na mtungi. Je, umefunguka? Je, una gesi? Kuutikisa hakuambii mengi. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa kwenye chuma chake, hivyo upime na utoe. Kama mtungi umebadilishwa jana, huenda mpira umejaa hewa na hita itahitaji majaribio mawili matatu, dirisha likiwa wazi, kabla gesi haijafika. Tazama pia kama mpira umekunjika au umebanwa nyuma ya mtungi.

Halafu kuna regulata. Hita za nyumbani hutaka gesi ya shinikizo dogo, na bamba la ubavuni huandika paskali 2,800 au karibu na hapo. Regulata za shinikizo kubwa zinazotumiwa na wapishi wa hoteli na mafundi wa vyuma huonekana kufanana nazo, na hufunga vizuri kabisa kwenye mpira uleule. Mtu akiiweka kwenye hita kwa sababu “moto utakuwa mkali”, vali ya ndani inaweza kukataa kufunguka, au ifunguke na kurusha mwali nje ya kisanduku. Regulata ya namna hiyo haifai kuwa ndani ya nyumba hata kidogo.

Anayeshuku uvujaji atumie povu la sabuni. Paka povu kwenye maungo yote, kutoka mtungi hadi hita, huku mtungi ukiwa wazi. Mapovu yakifura, hapo ndipo panapovuja. Kuna mafundi ambao bado hupitisha kiberiti cha gesi kwenye maungo kutafuta uvujaji. Fundi akifanya hivyo mbele yako, mwambie aondoke.

Sababu nyingine huwashangaza watu. Hita iliyokaa miezi bila kutumiwa, kwa mfano katika nyumba ya wageni wakati wa msimu mbaya, huingiliwa na wadudu. Buibui hutanda utando ndani ya mirija ya kichomeo na nyigu hujenga kwa udongo. Uzi mwembamba wa buibui unatosha kugeuza njia ya gesi. Mirija husafishwa kwa brashi laini na fundi aliyefungua kisanduku, wala tundu la gesi halichokolewi kwa msumari au sindano. Tundu hilo limepimwa kwa sehemu ndogo sana za milimita. Likipanuka, hita itatoa gesi kuliko hewa iliyopo, na hapo tunaingia kwenye jambo zito kuliko kukosa maji moto.

Inawaka, kisha inazima

Hali ya tatu ndiyo inayodharauliwa zaidi, kwa sababu angalau mtu ameoga nusu.

Wakati mwingine sababu ni ndogo. Hita nyingi zina saa ndani inayozima moto baada ya dakika 20 mfululizo, ili aliyesahau mfereji wazi asiunguze mtungi mzima. Kijiti cha kuhisi moto kikipata masizi, hakihisi, na vali hufunga sekunde chache baada ya kuwaka. Fundi hukisafisha kwa dakika chache.

Wakati mwingine ni baridi. Gesi ndani ya mtungi ni kioevu, na lazima igeuke mvuke kabla ya kutoka. Buteni huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sufuri za selisiasi, na kila gesi inapotoka, kioevu kilichobaki hupoa zaidi. Hita ya lita sita kwa dakika hula karibu kilo moja ya gesi kwa saa, yaani gramu 150 hivi kwa kuoga kwa dakika kumi. Mtungi wa kilo 6 ulio nusu, uliolala nje kwenye baridi ya Endebess au ya Kapsokwony, hauwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo muda mrefu. Ubavu wake hulowa, moto hunywea, hita huzima. Jioni, jua likiwa limeupasha mtungi, hita ileile huwaka vizuri na mwenye nyumba hubaki akishangaa. Mtungi wa kilo 13 hupunguza tatizo hili kwa sababu una kioevu kingi na chuma kikubwa cha kupokea joto la hewa. Kuuweka mtungi kando ya jiko au kwenye beseni la maji yanayochemka si suluhisho. Shinikizo la ndani hupanda haraka, na vali ya usalama ikilazimika kufunguka, gesi itamwagika palepale penye moto.

Lakini kuna hita zinazozima kwa sababu chumba kimeishiwa hewa. Hiyo ina dalili yake: inawaka vizuri mlango ukiwa wazi, inazima mlango ukifungwa. Baadhi ya hita zina kifaa cha kuzima oksijeni inapopungua. Zile zisizo nacho huendelea kuwaka vibaya, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu gesi inayoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Sumu hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu ikalegea. Huku kwetu dalili hizo huitwa malaria kabla mtu hajafika zahanati. Ikiwa maumivu ya kichwa huja kila baada ya kuoga na kuisha ukitoka nje, au yanawapata watu wawili wa nyumba moja kwa wakati mmoja, ishukiwe hita kabla ya mbu. Mpeleke mgonjwa nje kwenye hewa safi, kisha hospitalini, na umwambie daktari kwamba kulikuwa na hita ya gesi.

Mwinuko wa eneo letu huongeza uzito wa jambo hili. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mjini karibu mita 1,400. Shinikizo la hewa Kitale ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na Mombasa. Bungoma ni pungufu kwa karibu moja ya saba. Hita iliyowaka vizuri miaka mitatu Mombasa, ikihamishwa na mfanyakazi aliyepewa uhamisho wa kuja Kitale, inaweza kuanza kutoa masizi bila kuguswa na mtu. Moto mzuri ni wa buluu, umesimama imara, na hauna ncha ndefu. Moto wa manjano unaoyumba, au weusi juu ya kisanduku, ni sababu ya kuzima hita siku hiyohiyo hadi fundi aipime.

Kwa sababu hiyo hita isiyo na bomba la kutolea moshi haifai kuwekwa ndani ya bafu. Ukuta wa nje au baraza iliyo wazi ni pazuri zaidi, maji moto yaingie ndani kwa bomba. Kama lazima iwe ndani ya jengo, iwe na bomba linalofika nje kabisa, lisiishie darini. Chumba kiwe na tundu la hewa chini na jingine juu, na yasizibwe kwa gunia wakati wa baridi. Wafugaji wa vifaranga wanaopasha mabanda kwa gesi wanajua kishawishi hicho: baridi ikizidi, mkono wa kwanza huenda kwenye tundu la hewa. Vifaranga hufa usiku huo, na anayeingia alfajiri kuwatazama naye huwa hatarini.

Iko pia njia ya mkato ambayo wakazi wanapaswa kuikataa hata ikiwa ya bei rahisi. Fundi huunganisha waya kuruka kijiti cha kuhisi moto au kifaa cha oksijeni, hita inawaka mara moja, na mteja anashukuru. Kilichoondolewa ndicho pekee kilichokuwa kikifunga gesi moto unapozimika.

Mtungi wenyewe

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka kwenye eneo la kujazia mitungi lisilo na kibali huko Embakasi, Nairobi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Biashara ya kujaza mitungi uchochoroni ipo katika miji mingi, na mtungi unaotoka huko huja na gesi pungufu, vali iliyochoka, au vyote viwili. Kanuni za gesi za mwaka 2019 hazimruhusu mtu kujaza mtungi wa kampuni bila idhini ya kampuni hiyo, na muuzaji anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mteja ana haki ya kuiona leseni hiyo na kuomba mtungi upimwe mbele yake. Muuzaji asiye na mizani, au anayekasirika akiombwa, anajulisha mengi. Malalamiko ya uzito hupelekwa kwa maofisa wa vipimo na mizani katika idara ya biashara ya kaunti.

Kuzima moto ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na wazimamoto huitwa hata kabla moto haujawaka. Harufu kali isiyoisha baada ya mtungi kufungwa inatosha. Nambari za dharura za kitaifa ni 999 na 112, na mtu apige akiwa nje ya nyumba.

Anayemwita fundi amweleze mambo manne kwenye simu: hita iko kimya, inapiga cheche, au inawaka na kuzima, ndoo ya lita 10 ilijaa kwa dakika ngapi, mtungi ni wa kilo ngapi na ulibadilishwa lini, moto ulikuwa wa rangi gani mara ya mwisho ulipoonekana. Fundi anayejua kazi atakuja na kifaa kinachofaa. Asiyeuliza lolote kati ya hayo, akasema tu kwamba hita imekufa na inunuliwe nyingine, atafutiwe mwenzake.